Matairi ya pikipiki ya spoti ya zamani: lisome lililokwisha kabla ya kununua jingine

Pikipiki ya spoti ya miaka ya tisini ina shida ambayo pikipiki mpya haina: mwenye duka hana tairi lake, lakini ana tairi linaloingia. Mimi naendesha Honda CBR600F3 ya mwaka 1996 hapa Nairobi, na kila nilipokosea matairi kosa lilianza vilevile. Nilikwenda kwenye maduka ya Kirinyaga Road na pesa mfukoni kabla ya kuchuchumaa kando ya pikipiki nikalisoma tairi lililokuwa limekwisha. Tairi kuukuu linaonyesha ulikuwa ukijaza upepo kiasi gani, shoki zina hali gani, na unapita barabara zipi. Ukilitupa bila kuliangalia, jipya litakufa kwa ugonjwa uleule.

Kwa hiyo naanza na dalili. Karibu kila dalili ina sababu zaidi ya moja, na baadhi ya sababu haziponi hata ukifunga tairi la bei gani.

Inateleza kwenye mvua, ilhali mifereji bado ina kina

Hii naiweka mbele kwa sababu nusura inivunje mguu. Mwaka 2021 nilihitaji tairi la nyuma, nikapata duka lililokuwa na saizi yangu, moja tu, limetundikwa mlangoni. Kijana wa duka akalishusha, akalizungusha mbele yangu na kulipapasa kwa kiganja.

"Boss, hii ni mpya kabisa. Angalia, hata nywele bado ziko."

Nywele zilikuwepo kweli, vile vinyuzi vyembamba vya mpira vinavyobaki tairi linapotoka kwenye kalibu. Nikalipa. Wiki tatu baadaye, mvua za Novemba zikiwa zimeanza, nilikuwa nateremka Waiyaki Way kutoka Kangemi kuelekea Westlands. Niligusa breki ya nyuma kidogo tu, kama ninavyogusa kila siku, na gurudumu likahamia kando kama limekanyaga sabuni. Niliponea chupuchupu. Usiku huo nilichukua tochi, nikapiga magoti, nikafuata herufi DOT ubavuni mwa tairi hadi kwenye kiduara chenye umbo la yai ambamo mlikuwa na tarakimu nne: 1612. Wiki ya 16 ya mwaka 2012. Tairi lile lilikuwa na miaka tisa kabla halijagusa lami.

Nywele huondolewa na barabara. Umri hauziondoi, kwa hiyo hazikuambii chochote kuhusu umri. Mpira nao huzeeka hata ukikaa dukani: hewa na jua huufanya mgumu, na vile viungo vinavyoufanya uwe laini hupungua. Tairi la namna hiyo lina mifereji mirefu na sura nzuri, lakini haling'ang'anii lami, na kwenye maji ndipo linapokusaliti.

Basi soma tarakimu nne kabla ya kuuliza bei. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, lirudishe ukutani. Matairi mengi yana tarakimu hizo upande mmoja tu, kwa hiyo usipoziona, mwombe muuzaji aligeuze. Nimewahi kuambiwa "hii haina hiyo namba", likageuzwa, namba ikawepo.

Halafu tumia kidole. Bonyeza kucha ya dole gumba kwenye mpira, katikati ya mfereji mmoja na mwingine. Mpira mzima hupokea alama ya kucha kisha huirudisha taratibu. Mpira uliokauka, kucha huteleza juu yake kama juu ya plastiki ya ndoo. Tazama pia chini kabisa ndani ya mfereji, maana nyufa huanzia huko kabla hazijaonekana ubavuni.

Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na kwamba miaka kumi ndiyo mwisho hata kama linaonekana zima. Kwa pikipiki ya spoti mimi sifiki kumi. Nikinunua, silichukui lililopita miaka mitatu tangu kutengenezwa. Nikilitumia, nalitoa likifika sita. Na lile lililotundikwa nje ya duka juani silinunui hata likiwa la mwaka jana. Kuhusu matairi ya mtumba ya spoti, yale yanayokuja yakiwa na nusu ya mifereji: hujui yalikaa wapi, yalizibwa mara ngapi, wala aliyeyatoa aliyatoa kwa nini. Mimi siyagusi.

Kuna sababu nyingine za kuteleza ambazo tairi halina hatia nazo. Ikiwa unateleza mahali palepale kila mara, hasa kwenye raundabauti, pengine ni dizeli inayomwagika kutoka kwenye matangi ya malori na matatu. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi huinua mafuta na vumbi lililokaa miezi kwenye lami. Nusu saa ya mwanzo ndiyo mbaya zaidi, kisha barabara huoshwa. Upepo uliozidi nao hupunguza sehemu ya mpira inayogusa chini.

Tairi la nyuma limekuwa bapa katikati

Likitazamwa kwa nyuma, tairi zima la spoti lina mgongo wa duara. Lililoliwa katikati lina mgongo kama wa tairi la gari. Unapoilaza pikipiki kwenye kona, mwanzoni inakataa, halafu ikivuka ule ukingo inaanguka ndani ghafla kuliko ulivyotaka.

Sababu kubwa ni barabara zetu zilizonyooka. Ukienda Ruiru na kurudi kila siku kwa Thika Road, sehemu ya katikati inafanya kazi yote, mabega hayaguswi. Upepo uliozidi huharakisha jambo hilo. Lakini hapa sitamlaumu mtu: kwa anayesafiri hivyo, ubapa utakuja tu. Kinachobadilika ni tairi la kuchagua. Tafuta yale yaliyotengenezwa kwa mpira wa aina mbili, mgumu zaidi katikati na laini mabegani, yale yanayoitwa ya safari za spoti. Pirelli Angel, Michelin Road, Metzeler Roadtec na baadhi ya Bridgestone Battlax ni za ukoo huo. Yatadumu zaidi, na yana mchanganyiko wa silika unaosaidia kwenye maji.

Wengi hukwepa matairi hayo kwa sababu hayana sura ya mbio. Naielewa hamu hiyo, maana nami niliwahi kufunga matairi laini ya mbio, yenye mifereji michache na mabega mapana yasiyo na mchirizi. Matairi hayo yanahitaji joto. Asubuhi ya Julai, Nairobi ikiwa na nyuzi 12 hivi na wewe umekwama kwenye foleni ya Mombasa Road, hayapati joto hilo kamwe. Yanabaki baridi, yanashika vibaya kuliko tairi la kawaida, na katikati yanaisha upesi mno. Kama pikipiki yako huenda uwanja wa mbio siku za mbio, ni jambo jingine. Kwa kazini na Jumapili kupanda Limuru, chukua ya safari.

Usukani umekuwa mzito, pikipiki haitaki kulala

Anza na upepo kabla ya yote. Tairi la mbele lililopungukiwa PSI 6 au 8 hufanya usukani uwe kama una gundi. Pima likiwa baridi, asubuhi kabla ya kutoka, kwa geji yako mwenyewe. Za vituo vya mafuta hugongwa na kuangushwa siku nzima, na nimekuta mbili za barabara moja zikitofautiana kwa PSI 5. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na kinga ya cheni au kwenye kitabu cha pikipiki. Kwa pikipiki nyingi za spoti ni kama PSI 36 mbele na 42 nyuma. Kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, na mafundi wengi hujaza kwa kufuata hicho.

Kama upepo uko sawa, soma saizi. Hapa ndipo pikipiki za zamani huumizwa zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Andiko kama 160/60 ZR17 69W lina maana hii: upana milimita 160, kimo cha ubavu asilimia 60 ya upana huo, R ni redio (radial), yaani nyuzi za ndani zimekwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, 69 ni uzito, kilo 325, W ni kasi, kilomita 270 kwa saa. H ni 210, V ni 240. Matairi mengi yanayouzwa kwa ajili ya bodaboda yana P, ambayo ni 150. Usidhani kwamba kwa kuwa hufiki 200 basi P itakutosha. Herufi ile inasema pia tairi linavumilia joto kiasi gani, na pikipiki nzito yenye breki kali hulipa tairi joto jingi hata kwa kilomita 100.

Mtu mwenye pikipiki ya zamani huvutiwa na unene. Anaona pikipiki mpya zikiwa na 180 au 190 nyuma, anataka naye. Sasa tazama rimu yako. Ndani ya rimu kumeandikwa kitu kama 17 x MT5.00. Hiyo 5.00 ndiyo upana wa rimu kwa inchi. Tairi la 180/55 liliundwa likae vizuri kwenye rimu ya inchi 5.5, na 190/50 kwenye rimu ya inchi 6. Ukilibana tairi pana kwenye rimu nyembamba, kingo zake huvutwa ndani, mgongo hupanda kuwa mchongoko kuliko ulivyochorwa, na mabega hayagusi lami jinsi yalivyokusudiwa. Pikipiki inakuwa nzito kuinama, na umelipa zaidi ili upate mshiko mdogo zaidi. Mara nyingine tairi linakwangua cheni. Jirani yangu South B alikuja na 190 kwenye rimu ya 5.5, akilalamika kwamba koniseti ya usukani, yaani beringi za shingo yake, imekufa. Koniseti ilikuwa nzima. Tulirudisha 180, malalamiko yakaisha.

Tatizo la mbele ni tofauti. Pikipiki kadhaa za zamani zilitoka na 120/60 mbele: yangu ni mojawapo, na Yamaha R6 za kwanza, kuanzia 1999, ni hivyo pia. Kawasaki ZX-6R za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka na 120/65. Siku hizi saizi inayojaa madukani ni 120/70, na muuzaji atakuambia ni kitu kimoja. Piga hesabu mwenyewe. Asilimia 60 ya 120 ni milimita 72. Asilimia 70 ni 84. Pua ya pikipiki inapanda milimita 12, na pikipiki iliyoundwa kugeuka upesi inaanza kugeuka kwa uvivu. Tairi pia huweza kukaribia madigadi au rejeta pale foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, zinapobonyea hadi mwisho. Na kama kebo ya spidi inatoka gurudumu la mbele, spidi itasoma chini ya kasi yako halisi.

Je, haifai kabisa? Wapo wanaoiweka, kisha wanazipandisha foku ndani ya vibanio vyake milimita kadhaa ili pua irudi chini. Inafanya kazi ikiwa aliyeifanya amepima nafasi kwenye madigadi foku zikiwa zimebonyea. Kwangu nilichagua kusubiri. 120/60 bado zinatengenezwa, unaagiza na unakaa wiki kadhaa bila pikipiki. Nilipanda matatu wiki tano, na sijutii hata siku moja.

Wenye rimu zisizo za inchi 17 wana kazi zaidi. Honda CBR900RR ya kuanzia 1992 hadi 1999 ina inchi 16 mbele, 130/70. Kawasaki Ninja 250 za kabla ya 2008 ni inchi 16 mbele na nyuma. Suzuki GSX-R750 za mwaka 1985 zilitumia inchi 18 kote, na Kawasaki GPZ900R za mwanzo zina 16 mbele na 18 nyuma. Kwa hizi uchaguzi ni mdogo, na usishangae ukikuta tairi linalofaa ni la nyuzi za mshazari, lisilo na R katika saizi yake. Bridgestone BT46, kwa mfano, lipo kwa ajili ya pikipiki za umri huo. Kosa ni kufunga mshazari upande mmoja na redio upande mwingine kwa sababu ndizo zilizopatikana. Mbavu zake hazibonyei kwa namna moja, na katikati ya kona ya kasi mbele na nyuma vinakwenda kila kimoja na lake. Nunua jozi, za mtengenezaji mmoja na za aina moja, hata kama la mbele bado lina maisha kidogo.

Usukani unatikisika

Uliza kwanza unatikisika lini.

Ukiachilia gesi, na kasi ikishuka kati ya 80 na 60, usukani ukaanza kucheza kushoto na kulia ukiwa umeulegeza mkono: mara nyingi ni tairi la mbele lililoisha vibaya, au gurudumu lisilo na balansi, au koniseti iliyolegea. Inua gurudumu la mbele, shika foku kwa chini, zivute mbele na nyuma. Ukisikia chuma kikigonga, ni koniseti. Kisha geuza usukani polepole. Ukikwama kidogo katikati kama umeingia kwenye kishimo, beringi zimechongeka. Tairi jipya litaficha tatizo hilo kwa mwezi mmoja.

Ikiwa ni pikipiki nzima inayonesanesa kwenye kasi kubwa, shida kwa kawaida iko nyuma: upepo mdogo, tairi la nyuma lililokwisha, beringi za mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, au mzigo ulioufunga nyuma ya kiti cha abiria. Punguza gesi taratibu, usikanyage breki kwa ghafla, usikaze mikono. Usiipande tena kwa kasi hiyo hadi uijue sababu.

Ikiwa ni mtetemo wa sawasawa unaoongezeka na kasi, na ulianza siku ulipofunga tairi jipya, rudi kwa fundi. Tazama ubavuni karibu na rimu: kuna mstari mwembamba unaozunguka tairi. Umbali kati ya mstari huo na ukingo wa rimu unapaswa kuwa sawa pande zote. Mahali unapozama, tairi halijakaa. Litolewe upepo, lipakwe maji ya sabuni, lijazwe tena bila kuvuka kikomo kilichoandikwa ubavuni. Balansi nayo ifanywe. Hata bila mashine, gurudumu likiwekwa juu ya ekseli yake kwenye stendi mbili, upande mzito utajishusha wenyewe, na vizito vya kubandika vinawekwa upande wa pili. Matairi mengi yana kitone cha rangi kinachoonyesha sehemu nyepesi. Hicho huelekezwa kwenye valvu.

La mbele limefanya mabonde mabonde

Pitisha kiganja kwa upole juu ya mpira, kwanza upande mmoja, kisha urudi. Kama njia moja ni laini na nyingine inakukwaruza kama msumeno, au unahisi mawimbi, hilo ndilo tatizo. Masikioni utalijua kwa mvumo unaopanda unapoinama.

Kwa kiasi kidogo ni kawaida, breki kali hufanya hivyo. Kikizidi, angalia upepo mdogo kwanza, halafu foku. Mafuta ya foku kwenye pikipiki ya miaka ishirini na kitu mara nyingi hayajabadilishwa tangu yatoke kiwandani. Yamekuwa maji, kazi yake haifanyiki, na gurudumu linarukaruka kwenye kila tuta badala ya kulifuata. Badilisha mafuta na sili kabla ya kufunga tairi jipya, kwa sababu la pili litachongwa vilevile.

Inavuta upande mmoja

Kabla ya tairi, hesabu alama za kukazia cheni kushoto na kulia. Mara nyingi haziko sawa na gurudumu la nyuma limekaa upande. Kumbuka pia kwamba lami yetu imeinama kuelekea mtaro. Jaribu kwenye barabara iliyo tambarare. Kama bado, na tairi limeliwa bega moja zaidi, basi ni tairi.

Upepo unapungua usiku

Tengeneza povu la sabuni, lipake valvu, ukingo wote wa rimu, kisha mpira. Valvu ya mpira iliyozeeka hupasuka kwenye shina pale inapoingia kwenye rimu. Ipinde kidogo na kidole, povu litakuonyesha. Ni kitu cha bei ndogo, na kila unapofunga tairi jipya funga na valvu mpya. Sijawahi kumwona fundi akikumbuka hilo bila kukumbushwa.

Povu likitoka ukingoni, ni kutu nyeupe ya alumini chini ya mdomo wa tairi, au rimu iliyopinda kwa shimo. Zungusha gurudumu na penseli uliyoifunga kwenye foku. Mahali rimu inapogusa na kuachana, utaona.

Na kama ni msumari: katikati ya mpira, tundu dogo linaweza kuzibwa kwa plagi ikufikishe nyumbani kwa mwendo wa pole. Karibu na bega au ubavuni halizibwi. Fundi wa kando ya barabara atasema, "Tuweke tu tyubu, boss, utasahau." Kataa, isipokuwa kama umekwama na giza linaingia. Tyubu ndani ya tairi la redio husuguana na kuta, hupata joto, na ikipasuka upepo hutoka wote kwa mara moja, wakati tairi lisilo na tyubu lingevuja polepole na kukupa nafasi ya kusimama.

Jipya limefungwa, na bado linateleza

Uso wa tairi jipya ni laini mno, umetoka kwenye kalibu hivyo. Kilomita 150 za kwanza endesha bila breki kali wala kuinama sana, ukiongeza mlalo kidogo kidogo hadi mabega yawe yamekwaruzwa. Usilisugue kwa msasa, wala usilipake chochote cha kung'arisha.

Hakikisha mshale wa mzunguko umeelekea mbele, mbele na nyuma. Kwenye matairi mengi michirizi ya tairi la mbele imeelekea kinyume na ya nyuma, na fundi aliyezoea kuifananisha kwa macho huligeuza. Mshale ndio unaofuatwa. Na kabla ya kuondoka mlangoni kwa fundi, bonyeza breki ya mbele na ya nyuma mara kadhaa hadi zishike, kwa sababu pedi zilisukumwa nyuma gurudumu lilipotolewa.

Nairobi geji ilisema 36, Mombasa inasema 34, na hakuna tundu

Hii huwachanganya wengi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa ya nje hapa inasukuma kwa nguvu ndogo kuliko pwani. Geji hupima tofauti kati ya hewa iliyo ndani ya tairi na hewa ya nje. Ukishuka hadi baharini, ya nje imeongezeka, kwa hiyo tofauti inapungua kwa karibu PSI 2 na nusu bila hewa yoyote kutoka. Joto la pwani linarudisha sehemu ya hicho, takriban PSI 1 kwa kila nyuzi 6. Kama ulijaza Nairobi asubuhi ya baridi, mambo mawili hayo yanakaribia kufutana. Kama ulijaza mchana wa jua, ukapima Mombasa alfajiri, utaona pengo lote.

Kwa hiyo ukifika jioni usiguse chochote, matairi bado yana joto la safari. Lala. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, pima na ujaze hadi kiasi cha kibandiko, na ufanye hivyohivyo asubuhi ya kwanza baada ya kurudi Nairobi.